Saa 1,000 za chumvi maabara, na gari linalolala Raskazone

Kwenye kopo la rangi ya kuzuia kutu au karatasi ya vipuri utakuta majigambo ya "saa 1,000 za ukungu wa chumvi", na muuzaji ataikariri namba hiyo kana kwamba ni dhamana. Kwa mwenye gari linalolala Raskazone, ufukweni Tanga, upepo wa bahari ukilipuliza usiku kucha, namba hiyo haisemi mengi. Watafiti wa viwanda vya magari wanalijua hilo tangu zamani.

Jaribio linalotoa namba hiyo linaitwa ASTM B117, na ni la mwaka 1939. Kipande cha bati kilichopakwa rangi huchanwa alama ya X kwa ncha kali mpaka chuma kionekane, kikaegemezwa kwenye chemba ya nyuzi joto 35, kikapuliziwa ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 mfululizo. Muda ukiisha kinaoshwa, rangi iliyolegea inakwanguliwa, halafu inapimwa kwa milimita kutu imetambaa umbali gani chini ya rangi kutoka kwenye mchano.

Kasoro ni huko kuloweka mfululizo. Barabarani bati hulowa, likakauka, likalowa tena. Zinki inayopakwa juu ya bati kuzuia kutu, ikipata kukauka hewani, hujijengea utando wa kaboneti unaoilinda. Ndani ya chemba haipati nafasi hiyo, inaliwa haraka, na bati lenye zinki linaonekana bovu kuliko lilivyo. Mhandisi anayetegemea B117 peke yake anaweza kuitupa rangi nzuri na kubaki na mbaya.

Ndiyo maana viwanda vikaingia kwenye majaribio ya mzunguko, yanayolowesha na kukausha kwa zamu. Mzunguko mmoja wa jaribio mojawapo, SAE J2334, ni saa 24: saa 6 za unyevu asilimia 100 kwenye nyuzi 50, dakika 15 za maji ya chumvi, kisha saa 17 na dakika 45 za kukauka kwenye nyuzi 60, unyevu asilimia 50. Chumvi yenyewe ni hafifu, nusu asilimia, ila inachanganywa na kalsiamu kloridi, ambayo nchi za baridi humwaga barabarani kuyeyushia barafu.

Hapo ndipo Tanga inapotofautiana. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa pwani hufika huko bila shida. Chumvi ya bahari ina magnesiamu kloridi pia, ambayo hunyonya hata unyevu ukiwa asilimia 33. Kwa hiyo tope la chumvi lililoganda ndani ya madgadi halikauki sawasawa, na zile saa karibu 18 za kukauka maabara huku hazipo.

Kinga kubwa ya bodi wala si rangi unayoiona. Kiwandani bodi nzima hutumbukizwa kwenye birika la rangi ya msingi, umeme wa volti 200 hadi 350 ukaivuta rangi ishike kila mahali, kisha ikaokwa kwenye nyuzi kama 170. Nje inatoka na unene wa mikroni (elfu ya milimita) 20 hivi. Ndani ya mbavu zilizofungwa chini ya milango umeme haupenyi vizuri, na rangi inakuwa nyembamba. Watafiti hukata bodi za majaribio kwa msumeno wapime humo ndani, na pasiporidhisha wanaongeza vitundu ili rangi na umeme vipite.

Vingi vya vitundu hivyo ndivyo baadaye vinavyotoa maji. Fundi bodi akivifunika kwa puti au lami, ubavu unageuka tangi. Vizibue kwa waya laini usiokwangua rangi, chini ya milango na chini ya mbavu, kisha osha uvungu kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, unaongeza tatizo. Gari likishakauka kabisa, ingiza nta ya majimaji ya kuzuia kutu ndani ya mbavu kwa kompresa yenye mpira mrefu. Oili chafu iache: inalegeza bushi za mpira, na vumbi linaganda juu yake. Lami juu ya kutu mbichi ni mbaya zaidi, kwa kuwa inafungia maji ndani na hutaona kitu mpaka bati litoboke.

Usisahau paipu za breki. Zinaoza chini ya vibanio vya plastiki, chumvi inapokaa bila kuguswa, kwa hiyo fungua kibanio ndipo ukague. Ukibadilisha, epuka shaba tupu, maana mtikisiko huifanya ngumu ikapasuka. Tafuta mchanganyiko wa shaba na nikeli; kipimo cha gari nyingi ndogo ni milimita 4.75. Mdomo wake ukunjwe mara mbili ikiwa paipu ya zamani ilikunjwa hivyo. Ukikunjwa mara moja unaweza kuvuja ukikanyaga breki kwa nguvu.