Kipimajoto cha inkubeta: sasa ni zamu ya mlinganyo wa kipeo cha tatu

Waya na solda tumemalizana nazo; safari hii ni hesabu tupu. Kwa anayejiunga sasa: natengeneza kipimajoto cha inkubeta ya mayai ya kuku kwa themista (kinzani ambacho ukinzani wake hubadilika kufuatana na joto) ya ohmu 10,000. Inkubeta yenye feni hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 37.5 za Selsiasi, na mayai hayana subira na kipimo cha kubahatisha.

Ukinzani wa themista haubadiliki kwa mstari ulionyooka. Mlinganyo unaotumika sana ni wa Steinhart na Hart, wa mwaka 1968:

1/T = A + B·L + C·L³

T ni joto kwa kelvini, L ni logi asilia ya ukinzani. A, B na C unaweza kuzipata kwa milinganyo myepesi ya mstari, lakini njia hiyo hupunguza makosa ya 1/T, si ya ukinzani. Kwangu joto halina shida, maana kipimajoto cha zebaki nilichoazima nakiamini. Kinachoyumba ni ukinzani unaosomwa na Arduino, kibodi kidogo cha kielektroniki kinachopangiwa programu. Nataka mkunjo uoane na ukinzani, kwa hiyo lazima niende kinyume: T ninayo, natafuta L.

L³ + pL + q = 0
p = B/C, q = (A − 1/T)/C

B na C zikiwa chanya, p nayo ni chanya, na jibu halisi ni moja tu. Kanuni ya Cardano ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu, iliyochapishwa 1545, hulipata kwa kutoa kipeuo cha tatu kimoja kutoka kingine. Kwenye karatasi inapendeza. Ila programu inapotafuta namba bora za A, B na C, C ikisogelea sifuri vipeuo hivyo huwa vikubwa na kukaribiana, ukivitoa desimali zinayeyuka. Arduino Uno yenyewe ina tarakimu 7 hivi za kutegemea, hakuna za kuchezea. Nimechukua hii (sinh ni saini ya haipaboli, arsinh ni kinyume chake):

L = −2√(p/3) · sinh[⅓ · arsinh((3q/2p)·√(3/p))]

Nimeijaribu kwa namba zinazozunguka sana kwa themista za aina hii: A = 1.129148×10⁻³, B = 2.34125×10⁻⁴, C = 8.76741×10⁻⁸. Kwa nyuzi 25, yaani kelvini 298.15, p inakuja 2,670 na q −25,377. L ni 9.210, na ukinzani unarudi ohmu 10,000 kasoro chembe. Safi kabisa.

Utamu zaidi uko kwenye miteremko, yaani L inabadilika kiasi gani A, B au C ikisogea kidogo, ambayo programu inaihitaji ili ijue ielekee wapi. Sikulazimika kuikadiria kwa kusogeza namba kidogo kidogo. L ikishajulikana, mteremko wake kwa A ni −1/(B + 3CL²). Kwa B zidisha huo kwa L, kwa C zidisha kwa L³. Kigawanyo ni kilekile kwa yote matatu.

C nayo nimeifungia njia: programu inatafuta logi yake, si yenyewe, hivyo haiwezi kuangukia hasi na kuniletea majibu matatu.

Vipimo vyangu vingi bado ni vya barafu inayoyeyuka na maji ya uvuguvugu. Kinachofuata ni kujaza pengo la nyuzi 35 hadi 40, kwa maji ndani ya chupa ya chai yanayopoa taratibu, themista na zebaki zikiwa zimefungwa pamoja.