Siku tano Bulgaria

Jamani nimerudi Marekani juzi na bado nalia lia tu. Ukiasili mtoto Bulgaria sheria yao inataka safari mbili, ya kwanza unakaa na mtoto angalau siku tano, ya pili ndo unaenda kumchukua mahakama ya Sofia ikishapitisha, sasa hapo katikati ni miezi ya kusubiri na mtoto yuko kulekule kwenye kituo cha watoto.

Mwanetu ana miaka tisa. Siku ya kwanza nikamuuliza kupitia mkalimani, unataka tucheze mpira? Akatikisa kichwa huku na huku, moyo ukanipasuka, kumbe kwa Wabulgaria hiyo ndo ndiyo! Tukacheza mpaka jioni.

Watu wananiambia ungechukua kachanga, mkubwa ashaharibika. Inaniuma sana hiyo kauli. Huyu anamkumbuka mama yake, anajua nani aliondoka kituoni na nani kabaki, na siku ya tano alinishika mkono wa koti hasemi kitu, mi nikamwonyesha kwenye kalenda kwamba narudi, akaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni.

Chumba chake nshapaka rangi.