Siku moja ya kuhesabu watembea kwa miguu Mwanjelwa

Saa 12:15 asubuhi, karibu na soko la Mwanjelwa. Tunahesabu ili kuunda modeli, yaani mwigo wa kompyuta wa jinsi watu wanavyopita hapa. Baridi ya Mbeya bado inauma, na siku nyingine ukungu umekaa barabarani kiasi kwamba kamera haioni ng'ambo. Ndiyo maana hatutegemei video peke yake. Tunachora mstari wa chaki kukatisha njia ya waenda kwa miguu na kusimama wawili: mmoja anahesabu wanaokwenda sokoni, mwingine wanaotoka. Hesabu inaandikwa kila dakika, kisha inajumlishwa kwa dakika 15.

Kwa nini kila dakika? Kwa sababu watu wa daladala hawaji mmoja mmoja. Gari mbili zikishusha pamoja, njia inajaa ghafla, kisha inabaki karibu tupu. Ukiandika jumla ya saa nzima, modeli itawagawa watu sawasawa, na msongamano ulioushuhudia kwa macho yako hautatokea kamwe kwenye skrini.

Saa 1:00 hadi 3:00. Kuhesabu tu. Mwenye mikono mitupu ana safu yake kwenye fomu, mwenye gunia au ndoo kichwani, yake, toroli, yake. Mzazi aliyeshika mtoto mkono hutembea kwa mwendo wa mtoto, kwa hiyo naye anaandikwa kando. Anayehesabu abadilishwe kila saa, maana macho yakichoka, wa kwanza kurukwa ni watoto.

Saa 3:30. Futi ya mkononi. Hapa ndipo modeli nyingi zinapoharibika, na hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko popote.

Mchoro unasema njia ina upana wa mita 2.5. Lakini hakuna anayetembea akisugua ukuta, wala ukingoni mwa mtaro. Toa nusu mita kila upande, inabaki 1.5. Wakipita watu 60 kwa dakika, ni watu 40 kwa kila mita ya upana. Kwa madaraja ya msongamano, A hadi F, aliyoyaweka mhandisi John Fruin mwaka 1971, hilo ni daraja C: unapita, ila unakwepana na wenzako. Sasa mtandika nguo chini akichukua sentimita 60, inabaki mita 0.9. Watu ni walewale 60, lakini sasa ni karibu 67 kwa mita, na umeshaingia daraja E, ambapo watu wanaburuza miguu.

"Shikamoo mama, tunaomba kupima hapa mbele ya turubai lako."
"Marahaba mwanangu. Pima, ila saa tano nitasogeza mbele, jua likifika hapa."

Jibu hilo ni data. Tunaliandika, na saa tano tunarudi na futi.

Wapo wanaofuta wafanyabiashara kwenye modeli kwa hoja kwamba hawaruhusiwi kukaa pale. Hilo ni kosa. Modeli inapaswa kuonyesha njia wanayopita watu leo, ndipo tuulize wafanyabiashara wapewe nafasi gani.

Saa 6:00. Kivuko. Kwa barabara ya mita 14, mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde unahitaji karibu sekunde 12. Mwenye mzigo anayekwenda mita 0.9 anahitaji karibu 16. Ukipanga taa kwa wastani, yeye ndiye anayebaki katikati ya barabara gari zikianza kuondoka.

Saa 8:00 mchana, ofisini. Tunatumia SUMO, programu huria ya Ujerumani ya kuiga usafiri. Katika mpangilio wake wa kawaida, watembea kwa miguu hugawiwa vijia vya mita 0.64. Njia ya mita 1.5 inatoa vijia viwili. Ya mita 0.9, kimoja. Kwa kijia kimoja, wanaokwenda na wanaokuja hukutana uso kwa uso na kukwama, wakati mtaani mmoja angegeuza bega tu akapita. Ukiona foleni ya ajabu, chunguza upana kwanza kabla ya kulaumu hesabu.

Kisha tunalinganisha modeli na hesabu kwa kipimo cha GEH, kinachoonyesha zimepishana kiasi gani: tofauti ya modeli na hesabu izidishwe kwa yenyewe, kisha mara mbili, igawanywe kwa jumla ya modeli na hesabu, kisha itafutiwe kipeuo cha pili. Tukihesabu watu 900 kwa saa na modeli ikatoa 800, GEH ni 3.4, inakubalika. Ikitoa 720 ni 6.3, imevuka kikomo cha 5, turudi kutafuta kosa. Tunaiendesha modeli mara kumi kwa mbegu tofauti za bahati nasibu, yaani namba za kuanzia zinazobadilisha mpangilio wa watu, kwa kuwa mara moja inaweza kudanganya.

Saa 11:00 jioni. Tunarudi Mwanjelwa. Wauza mboga wameshuka hadi ukingo wa lami, na waliotoka kazini wanatembea barabarani pamoja na bajaji. Chaki ya asubuhi imefutika. Tunachora upya, tunapima upana upya, na kuongeza safu moja kwenye fomu: walioshuka lami kwa kukosa njia.