Tarakimu ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha

Pesa ya shaba iliyotolewa Zanzibar wakati wa Sultani Barghash ina mwaka wa Hijria ١٢٩٩, yaani 1299, ambao sehemu yake kubwa iliangukia 1882. Anayenakili tarehe hiyo kwenye kompyuta, kama ninavyofanya mimi kwa mapenzi tu ya mambo ya kale, atakuta kwamba mfumo wa Unicode, unaoipa kila herufi na tarakimu msimbo wake ndani ya kompyuta, umetenga seti mbili za tarakimu za maandishi ya Kiarabu, mbali na hizi za 0 hadi 9 tunazozitumia kila siku. Ya kwanza, inayoanzia msimbo U+0660, ndiyo ya Misri, Oman na nchi nyingine za mashariki ya ulimwengu wa Kiarabu. Ya pili, inayoanzia U+06F0, ni ya Kiajemi na Kiurdu. Moroko, Algeria na Tunisia hazihitaji hata moja kati ya hizo katika maisha ya kawaida, kwa kuwa huko watu huandika 0 hadi 9 kama sisi.

Seti hizo mbili kwa kawaida huachana kwa umbo katika nne, tano na sita, na zinazobaki hufanana kama mapacha. Bahati mbaya mwaka wa pesa yetu hauna nne, tano wala sita. Kwa hiyo ١٢٩٩ na ۱۲۹۹ huonekana kitu kimoja kwenye skrini, ilhali ndani ya mashine hakuna msimbo hata mmoja unaolingana, na programu ya kutafuta inayolinganisha msimbo kwa msimbo haitaona uhusiano wowote kati ya miaka hiyo miwili, wala kati yake na 1299. Lugha za programu nazo hazikubaliani: Python huzigeuza zote kuwa namba bila kunung'unika, wakati JavaScript hujibu kwamba hiyo si namba.

Mambo hunoga zaidi kwenye mwelekeo. Maandishi ya Kiarabu huenda kulia kwenda kushoto, lakini namba ndani yake huandikwa kushoto kwenda kulia, maelfu yakitangulia, na kompyuta huzihifadhi kwa mpangilio huohuo. Tatizo huja namba mbili zinapounganishwa kwa kistari. Pesa hizo zilitolewa tena mwaka 1304 wa Hijria, nami nikiandika 1299, kistari, kisha 1304 kwa tarakimu za seti ya kwanza, hutokea hivi: ١٢٩٩-١٣٠٤. Programu inayofuata kanuni za Unicode huweka 1304 upande wa kushoto. Kwa msomaji wa Kiarabu, anayeanzia kulia, huo ndio utaratibu sahihi. Kwa msomaji wa sentensi hii ya Kiswahili, miaka imepinduka. Seti ya pili, ۱۲۹۹-۱۳۰۴, haipinduki mahali hapahapa, kwa sababu kanuni huihesabu katika kundi moja na tarakimu za Kizungu, na kundi hilo huruhusiwa kumeza kistari kikawa sehemu ya namba. Mkwaju (/), kwa upande wake, humezwa na makundi yote mawili, ndiyo maana tarehe yenye mikwaju hubaki ilivyoandikwa.

Dawa ya kistari ni alama isiyoonekana, U+200E, inayowekwa mara tu baada yake ili kuilazimisha sehemu hiyo ifuate kushoto kwenda kulia. Hufanya kazi, ila sipendi kujaza matini vitu ambavyo mhariri atakayekuja baadaye hatavijua na atavifuta bila kukusudia. Afadhali kuandika neno «hadi».

Windows nayo ina mpangilio unaoweza kuonyesha 0 hadi 9 kwa umbo la Kiarabu bila kugusa kilichohifadhiwa, kwa hiyo hata umbo si ushahidi. Katika orodha yangu kila sarafu ina safu mbili za mwaka: moja yenye tarakimu kama zilivyochongwa, zote za seti ya kwanza, na nyingine yenye 0 hadi 9, ambayo ndiyo hutumika kupanga na kutafuta.