Siku yangu moja Kibirizi, ziwa likiwa limeingia vyooni

Saa 11 alfajiri nishaamka, joto limenitoa kitandani. Yani Kigoma ya utoto wangu asubuhi tulikuwa tunagombania shuka, siku hizi kuna watu wanavua chandarua usiku wa manane wanasema kinabana hewa, na hapo ndo mbu anapata nafasi. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, natembea nyumba kwa nyumba, na leo ni zamu ya upande wa mwaloni.

Saa 1 na nusu niko Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ziwa lilipanda sana baada ya zile mvua za El Niño za 2023 kuingia 2024, na Tanganyika inapokea mito mingi ila unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga kule Kongo, kwa hiyo mvua ikizidi maji yanatufuata majumbani. Watu wakija wanapiga picha nyumba zilizozama, choo hakipigwi picha na mtu. Choo cha shimo kikiingiwa maji vyote vilivyokuwa chini vinapanda juu vinaenda ziwani, afu hatua 20 kutoka hapo kuna mtu kainama na ndoo anachota ya kunywa! Sisi kipindupindu tunakijua, mwaka 2015 kule Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka wa Burundi, kiliua watu, wakimbizi wa Burundi walikuwa wamejazana pale ufukweni na maji yenyewe ni ya ziwa hilihili.

Saa 3, nyuma ya nyumba moja kuna mtumbwi mbovu una maji ya mvua, masafi kabisa, nikainama nikaona viluwiluwi wa mbu wanacheza. Kukiwa na joto wanakua haraka zaidi, hata vimelea vya malaria ndani ya mbu vinakomaa upesi. Na mkoa wetu kwenye utafiti wa kitaifa wa 2017 ndo ulioongoza kwa malaria kwa watoto wadogo, karibu mmoja kati ya wanne. Vijana wakanisaidia tukaupindua.

Saa 5 nikaitwa mbio. "Dokta, njoo umuone mtoto." Mi sio daktari ila ndo wanavyoniita. Mtoto wa mwaka na kidogo, ameharisha tangu usiku, macho yameingia ndani, analia lakini machozi hakuna. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikarudi polepole kama kitambaa kilicholowa. "Amekojoa lini?" Mama akafikiria, akasema jana jioni. Nikakoroga pakti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, tukaita bodaboda, mama kapakata mtoto, mi nyuma nimeshika kikombe, na kila dereva akipunguza mwendo tunampa mtoto kijiko. Jamani kama nyumbani hamna ORS, lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha sio vya kurundika, afu mpeleke kituoni, msisubiri kuche.

Kituoni foleni ndefu ila wa kuharisha walipitishwa mbele, nikamwacha pale na mama yake.

Saa 9 nikapita kwa bibi mmoja anayeanika dagaa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, kaa." Chanja ziko nusu tupu. Ziwa likipata joto maji ya juu hayachanganyikani vizuri na ya chini yenye rutuba, chakula cha dagaa kinapungua, na huku kwetu dagaa ndo nyama ya mtoto. Bibi anasema wajukuu siku nyingine wanakula ugali wa muhogo na majani tu. Nikawapima mkono kwa ule utepe wa rangi, mmoja yuko kwenye njano, yani ana utapiamlo wa wastani.

Saa 12 jioni nimejaza daftari, miguu inawaka moto.

Saa 3 usiku mvua imeanza tena na mi nawaza vile vyoo, simu ikaita, ni yule mama. Hata salamu hakutoa.

"Dokta, amekojoa."