Nilivyofanikiwa kuhesabu nikeli inavyopunguza usumaku wa Mn4N

Wadau, nipo kwenye masters ya fizikia na kuna kitu kilikuwa kinaninyima usingizi: kwanini ukichanganya metali nyingine kidogo tu, kama nikeli, kwenye naitraidi ya manganizi (ndo hiyo Mn4N) usumaku wake unabadilika kiasi kile. Sina maabara ya kutengeneza filamu nyembamba, yaani tabaka jembamba sana la kitu chenyewe, nina kompyuta tu, basi nikaamua kutumia Quantum ESPRESSO, programu ya kuhesabu tabia za elektroni kwenye vitu, ambayo ni ya bure na ukiwa na uvumilivu inakufikisha.

Mn4N imekaa kama mchemraba, kwenye pembe kuna manganizi, katikati ya nyuso kuna manganizi pia, na nitrojeni imekaa katikati kabisa. Sasa utamu uko hapa, hizo manganizi hazivuti upande mmoja. Vipimo vya nyutroni vya miaka ya 1960 vilionyesha ile ya kwenye pembe ina magnetoni za Bohr (kipimo cha nguvu ya sumaku ya atomu) kama 3.85 na zile tatu za nyusoni kila moja ina kama 0.90 ila zinaelekea kinyume, yaani ni kuvuta kamba, jitu moja upande huu na watu watatu wepesi upande ule. Toa 2.70 kwenye 3.85 unabaki na 1.15 tu. Ndo maana kinaitwa ferimagneti, na ndo maana ni rahisi kukichezea, kwasababu ukigusa upande mmoja kidogo tu ile tofauti inayumba sana.

Kwenye programu usumaku wa kuanzia unaupanga kwa aina ya atomu, sio kwa atomu mojamoja, kwahiyo manganizi niliiandika mara mbili kana kwamba ni elementi mbili, Mn1 ya pembeni nikaipa chanya na Mn2 ya nyusoni nikaipa hasi, faili la pseudopotensho (linaloiambia programu atomu ikoje) ni lilelile. Hii ndo hatua muhimu kuliko zote aisee, ukizianzisha zote upande mmoja hesabu inaweza kutulia kwenye hali ambayo sio yenyewe na isikwambie chochote.

Nikajenga seli kubwa, yaani michemraba ile imepangwa mbili kwa mbili kwa mbili, atomu 40, ndani yake kuna pembe 8, kwahiyo ukiita x idadi ya nikeli kwa kila mchemraba mmoja, nikeli moja ni x ya 0.125 na nikeli mbili ni 0.25. Kwanza nikaiweka nikeli pembeni, kisha nyusoni, nikalinganisha nishati ya jumla, pembeni ikawa chini, ndiko inakopenda kukaa. Na nikeli yenyewe ikifika pale haina nguvu ya maana, yaani umemtoa lile jitu ukaweka mtu asiyevuta kamba. Jumla ikashuka, nilipoongeza ya pili ikashuka zaidi kuelekea sifuri. Nilifurahi mno kuiona ile namba.

Ukipiga kwa mkono, kwa kudhani nikeli ni sifuri kabisa na majirani hawaguswi, unapata sifuri kwenye x ya kama 0.30. Filamu halisi zinafika huko mapema zaidi, kati ya 0.1 na 0.25 kwenye joto la kawaida la chumbani, kwahiyo hiyo dhana ya majirani kutoguswa sio ya kuiamini sana. Angalia momenti (nguvu ya sumaku) ya kila atomu, usiishie kwenye jumla.

Na sio mchezo wa namba tu. Kikundi cha Ufaransa na Japani walitoa kazi mwaka 2021 wakionyesha kwamba karibu na hiyo sifuri, kuta za domeni, yaani mipaka kati ya maeneo yenye usumaku unaoelekea pande tofauti, zinasukumwa na mkondo wa umeme kwa kasi inayokaribia mita 3000 kwa sekunde, na hamna madini adimu ndani yake kabisa, ni manganizi, nikeli na nitrojeni.

Hesabu zangu ni za kelvini sifuri, yaani bila joto kabisa, sasa hivi nafuatilia joto, na kobalti nayo nimeshaiandalia faili.