Kwa nini sipiki kwa umeme wa biogesi yangu

Ukiishi Igombe, kando ya Ziwa Victoria huku Mwanza, unayajua magugu maji. Upepo ukigeuka yanaziba mwalo, mitumbwi inakosa pa kupita. Wengi hufikiria kuyachoma kama kuni, nami nilianza kwa kulipigia hesabu wazo hilo. Katika kilo moja ya magugu mabichi, zaidi ya gramu 900 ni maji. Kuyafanya maji hayo yawe mvuke kunakula zaidi ya megajuli 2 (megajuli ni kipimo cha nishati), na kile kikavu kinachobaki kikiungua hakifikishi hata 1.5. Kuyakausha juani kunawezekana kiangazi, masika huwezi.

Biogesi, yaani gesi ya kuwaka inayotokana na vitu vinavyooza, haina shida hiyo. Bakteria wake wanaishi ndani ya maji, pasipo hewa, na gesi inapanda juu yenyewe. Nikajengewa mtambo wa kuba nyuma ya zizi. Magugu nayakatakata vipande vidogo, maana yakiingia marefu yanaelea na kufanya utando mgumu juu ya tope, kisha nayachanganya na samadi ya ng'ombe na maji. Samadi usiiache, ndiyo inayoleta bakteria.

Gesi ilipoanza kuwaka vizuri, shemeji yangu akaja na wazo: "Shemeji, hii tuitie kwenye jenereta, tupikie jiko la umeme kama watu wa mjini." Nilimpenda kwa ari yake, lakini tukakaa na kalamu. Mita moja ya ujazo ya biogesi ina takriban kilowati-saa 6 za joto. Injini ndogo ikijitahidi inatoa robo yake, yaani 1.5, na jiko la umeme nalo linapoteza kidogo. Sufuriani inafika kama 1. Ukiiwasha gesi hiyohiyo moja kwa moja chini ya sufuria, jiko zuri la biogesi linafikisha zaidi ya 3.

Hapa hakuna fundi wa kulaumiwa. Mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba injini ya joto, yaani inayogeuza joto kuwa kazi, lazima iachie sehemu ya joto upande wa baridi, na mwaka 1865 mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius akakipa jina la entropia kile kipimo cha nishati inavyotawanyika. Joto lililokwisha kutoka kwenye ekzosi halirudi kuwa kazi kwa hiari yake. Kila ukigeuza nishati pasipo haja, unalipa.

Jenereta hatukuitupa. Moto haupandishi maji kutoka ziwani hadi kwenye bustani ya mchicha, kwa hiyo pampu tunaiendesha kwa gesi inayobaki baada ya mapishi. Kabla ya kuingia injini, gesi inapita kwenye bomba lililojazwa vyuma vyenye kutu ili vinase salfa, isije ikala injini. Maji ya moto yanayotoka kuipoza injini, shemeji anachanganyia samadi ya siku hiyo, kwani bakteria wanachapa kazi zaidi kwenye nyuzijoto 35 hivi.